Msalaba wa Mama Viraka Unashushwa Leo

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Viraka, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili wa mfanyakazi wa reli, katika nyumba za nyuma ya stesheni. Mama yake alisema alizaliwa treni ikipita, ndiyo maana hakujua kusema kwa sauti ndogo.

Alisoma hadi darasa la nne. Baba yake alipougua, akatolewa shule awalee wadogo zake. Baadaye masista walimfundisha kushona. Alifanya kazi hiyo maisha yake yote, katika chumba cha mbele, cherehani ikitazama dirisha. Alishona sare, magauni ya harusi na mashuka ya wagonjwa. Pini alizibana mdomoni, na ukimuuliza jambo alikujibu kwa nyusi.

Tarehe 3 Agosti 1974 alifunga ndoa na mumewe, mchukuzi wa mizigo, mtu asiye na maneno mengi. "Mimi nimeolewa na mlango," aliwaambia wateja. "Mpaka uusukume ndipo ulie." Mumewe alikuwa akisikia, anacheka chinichini. Walijaliwa watoto watatu. Kitinda mimba, wa kiume, alifariki akiwa bado ananyonya.

Kwaresima iliyofuata, marehemu alifunga miti miwili, akaizungushia gunia, akashonea nguo za yule mtoto juu yake. Ijumaa Kuu akausimamisha msalaba huo kanisani, mbele ya watu wote. Hakuomba ruhusa. Pasaka ilipopita akaufumua, akazikunja zile nguo, akarudi nazo nyumbani.

Mwaka uliofuata mjane mmoja alimletea miwani ya mumewe. Basi ikawa desturi. Kila Kwaresima watu walileta kilichowaelemea, yeye akashona, tukasali mbele ya msalaba huo, kisha akafumua na kumrudishia kila mtu chake. Makanika wa jirani alileta waya wa klachi. "Mama Viraka, hii imenitesa mwaka mzima. Nisulubishie."

"Kaioshe kwanza, baba. Bwana alitundikwa pamoja na wezi, si na grisi."

Wazee wa kanisa waliwahi kumsihi auache mmoja ubaki ukutani, maana ulipendeza. Akakataa. "Hata Bwana walimteremsha. Mimi nani nimwache juu?"

Mumewe hakuwa na la kuleta. Kila mwaka alisema, "Mimi sina kitu, mama." Marehemu alikata kifungo kimoja cha shati lake, akakishonea pembeni, na baada ya Pasaka akamrudishia palepale kifuani, shati likiwa mwilini. "Tulia, nisikuchome."

Mwaka huu alishona msalaba huku miguu imevimba. Jumamosi Kuu pumzi zilimbana, akalazwa. Daktari alisema ni moyo. Hospitalini aliuliza jambo moja tu: "Umeshushwa?" Mumewe akamjibu, "Utaushusha wewe ukitoka." Hakutoka. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, alfajiri, mumewe ameshika mkono wake.

Msalaba bado umesimama kanisani. Mchungaji anapenda ubaki uwe kumbukumbu, na watoto pia. Mumewe naye angependa ubaki, hilo lieleweke. Siku hizi huwa anakwenda kukaa benchi la mbele, kanisa likiwa tupu, akitazama mishono. Nyumbani cherehani imefunikwa. Chai anapika ya watu wawili, anaimwaga. Pale mbele ya msalaba angalau kuna kitu ambacho mkono wa mkewe ulikigusa juzi tu.

Lakini marehemu aliuliza kama umeshushwa, na jibu alilopewa halikuwa jibu. Kwa hiyo tukitoka makaburini, tunaomba wote mlioleta kitu mpite kanisani. Mumewe ataufumua mwenyewe. Si fundi, atachelewa; mvumilieni. Kila mtu atapewa chake mkononi. Miti itarudishwa stoo, na ukuta ubaki mtupu.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni dereva, wajukuu, na dada yake mdogo. Ametanguliwa na mwanawe mchanga, na leo analazwa kando yake.

Bwana, uliyeteremshwa na mikono ya watu, mpokee huyu mke wa mlango. Alale. Kazi iliyobaki tutaimaliza sisi.