Anayefungua Kifuniko

Benchi ni langu. Nasema mapema, maana kuna watu wamelikalia miaka tisa mpaka wanadhani wamelirithi. Mimi nashona viatu kwenye kona hii, birika la kahawa liko chini ya meza yangu, na hatua tatu kutoka hapo kuna kifuniko cha chuma. Chini yake kuna kifaa cha idara ya maji. Wenyewe wanakiita kidhibiti presha, sisi tunakiita Mpole. Zamani kila wakifungulia maji alfajiri bomba la mtaa huu linapasuka, tunaamkia matope. Tangu Mpole afungwe kwa majaribio, miezi kumi na moja, halijapasuka hata mara moja. Wageni wamekuja, wamepiga makofi, wamepiga picha, wamekwenda zao. Leo asubuhi anakuja mhandisi wa idara na fomu ya mwisho, ile inayouliza kama majaribio yamefaulu. Akiweka alama kwenye Ndiyo, Mpole anafungwa mitaa arobaini, na wa kwanza ni Bondeni. Huko ndiko anakoishi binti wa Fundi Koki, fundi bomba mwenzetu wa benchi, na watoto wake pacha wa miezi mitatu. Wiki iliyopita bomba la Bondeni lilipasuka, likachimba chini ya ukuta wa chumba wanacholala. Ukuta umepasuka, na ufa wenyewe mkono unapita.

Kwa hiyo hapakuwa na utani leo. Kamati, karani mstaafu ambaye hata kikombe kikivunjika anataka iundwe kamati, alikuwa anatufundisha majibu.

Kamati: Akiuliza kwa nini kwetu kimefaulu, tunasema usimamizi bora. Basi, hakuna nyongeza.

Nyuklia, anayetengeneza simu kibanda cha pili, hajawahi kuacha jambo bila nyongeza.

Nyuklia: Usimamizi gani, bwana? Ni udongo. Udongo wa huku una sumaku. Kila simu ya mtaa huu nikiifungua, spika imejaa chembe za chuma.

Mimi: Sumaku na maji wapi na wapi?

Nyuklia: Bomba si chuma? Linavutwa, maji yanapungua hasira. Samaki mkunje angali mbichi, mzee.

Mimi: Hiyo methali inaingiaje hapo?

Nyuklia: Kwani samaki anakaa wapi?

Kamati: Mbele ya mhandisi utafunga mdomo wako.

Nyuklia: Nitafunga, lakini ukweli uko palepale. Wenye viwanda vya mabomba hawataki Mpole aenee. Bomba lisipopasuka watamuuzia nani? Wana rimoti. Wanakaa ofisini, wanabonyeza, pwaa! Bondeni hiyo.

Kamati: Na huku mbona hawabonyezi?

Nyuklia: Rimoti haifiki. Si nimekwambia sumaku?

Siku nyingine ningecheka mpaka sindano inidondoke. Fundi Koki alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe kimepoa mkononi.

Fundi: Mnajua wote kwa nini hakijaharibika.

Tunajua, ndiyo. Mwezi wa pili tu Mpole aliziba. Maji yetu yana mchanga, mchanga ukajaa kwenye chujio lake. Fundi akafungua kifuniko, akatoa chujio, akalisugua kwa brashi, akarudisha. Hakutumwa na mtu. Tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa nikifungua meza namkuta amepiga magoti pale. Wageni walipoanza kuja na makofi yao, akaona haya kusema. Nasi tukakaa kimya, maana sifa ya mtaa ni tamu.

Kamati: Tulikubaliana, Fundi. Ukisema unakisafisha wewe, ataandika Hapana. Bondeni ndiyo basi tena.

Fundi: Na nikinyamaza? Watakifunga na kuondoka. Kitaziba, kitakwama wazi, na presha yote itakwenda palepale ukutani.

Kamati: Hayo ya baadaye. Kwanza kifungwe! Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Mimi: Wanaoyaoga ni wajukuu zake, Kamati! Si wewe!

Nilipaza sauti mpaka mteja wangu akavaa kiatu kabla sijakata uzi.

Kamati: Usinipigie kelele. Wewe ndiye unayemwona kila wiki. Miezi kumi na moja, umemwambia nani?

Alinipata. Nikainamia soli.

Mhandisi akafika. Mwanamke kijana, kofia ngumu kwapani, viatu vyake vimeliwa upande mmoja, mtu wa kutembea huyo. Akatuamkia vizuri, akakaa, akatoa fomu. Kamati akajibu kila swali kama anasoma gazeti. Usimamizi bora. Ushirikiano wa wakazi. Hata Nyuklia akasema "usimamizi" mara mbili. Kalamu ilikuwa imeshakaribia Ndiyo. Kisha mhandisi akakitazama kifuniko.

Mhandisi: Hizi boli mbona zinang'aa? Kwa miezi kumi na moja zilipaswa kuwa na kutu. Nani anafungua hapa?

Kamati akakohoa. Nyuklia akakumbuka ana simu ya mtu. Mimi nikaanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha tungwa.

Fundi: Mimi, mwanangu. Jumanne na Ijumaa.

Akamweleza yote: mchanga, chujio, brashi. Hakujitetea. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, kalamu imesimama.

Mhandisi: Baba, hapa pana Ndiyo na Hapana tu. Nikiweka Ndiyo, mitaa arobaini inafungiwa kitu kitakachoziba mwezi wa pili. Nikiweka Hapana, kifaa kizima kinarudi stoo na hakitoki tena.

Kamati: Weka Ndiyo, kisha mwajirini Fundi.

Mhandisi: Mitaa arobaini, mara mbili kwa wiki. Mtu mmoja?

Fundi: Bondeni nitasafisha mwenyewe. Nipo huko kila siku.

Mhandisi: Na ile thelathini na tisa?

Nyuklia alifungua mdomo, akaufunga. Sijapata kuona.

Hapo ndipo binti wa Fundi alipotokea, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, kanga imelowa jasho. Alikuwa ametembea kutoka Bondeni.

Binti: Shikamooni. Baba, nimesikia mhandisi anakuja leo. Ufa umeongezeka tangu jana. Nifungashe vitu, au nimsubiri huyo Mpole?

Fundi aliitazama fomu. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu. Akampokea mtoto wa mkononi, akamlaza begani.

Fundi: Fungasha, mwanangu. Mtakaa kwangu.

Binti: Mpaka lini, baba?

Wote tukageuka tukamtazama mhandisi. Yeye alikuwa anamtazama Fundi, kalamu mkononi, hajaweka alama popote.