Kisima cha Eldas Hufungwa Mvua Ikinyesha

Ndugu waombolezaji, assalaam aleikum. Mimi ni Shuaib Abdow, mpwa wa marehemu, niliyemwita Abti, yaani mjomba, na familia imenituma nisome haya hapa nyumbani kwake Waberi, nami nitasoma kama alivyopenda mwenyewe, bila kutia chumvi.

Mheshimiwa Rage Kerrow Alio alizaliwa Eldas tarehe mosi Januari 1941, ndivyo pasipoti isemavyo, ingawa Januari kwetu ni kiangazi, na nyanya alishikilia kwamba mvua ilikuwa inanyesha na ngamia walikuwa na maziwa tele, akaanza shule Wajir mwaka 1950, na mwaka 1966 akahitimu shahada ya uchumi Makerere. Alimwoa Bi. Osob Bare hapa Garissa tarehe 4 Agosti 1968, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Siham.

Kuanzia 1974 alitumikia shirika la kimataifa la maendeleo huko Roma, akishughulikia nchi zenye ukame, akarudi 1991, akachaguliwa mbunge Desemba 1992, kisha akateuliwa Waziri Msaidizi wa Fedha. Mwaka 1994 aliwaomba wafadhili wachimbe kisima cha mashine Eldas, na hapo ndipo ukaidi wake ulipojulikana, kwani aliagiza kifungwe kila mvua inyeshapo, mifugo ihamie mabwawa ya mbali, ili malisho ya kisimani yabaki akiba ya kiangazi. Watu walitaka kukaa karibu na maduka na shule, na kaka yake mkubwa, Abti Issack, aliuliza ni waziri gani huyu anayewafungia ndugu zake maji. Tulimsihi afungue hadi kura ipite, akajibu kwamba majani hayajui kura.

Mvua kubwa za 1997 zilikikuta kisima kimefungwa, na Desemba hiyo Eldas ikampa mpinzani wake kura, akaanguka. Nilimkasirikia, na nilimpenda, na iliniuma sana. Kiangazi cha mwaka huu kisima kilifunguliwa, na mbuzi wa Abti Issack mwenyewe walipona kwa malisho yale.

Aliugua figo tangu Februari, akatuacha Jumatatu, tarehe 15 Novemba 1999, akazikwa alasiri hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Waberi waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa Hazina waliosafiri kutoka Nairobi.

Abti Issack aliwasili jana kutoka Eldas, anasema mvua imeanza, na wenyeji wamekifunga kisima wenyewe, bila kuagizwa na mtu. Basi pumzika, Abti Rage, Mwenyezi Mungu akurehemu, mifugo imeshahama.