Mabruki Limbu na Jiwe Lililokataa Kuzikwa

Baada ya miaka ishirini na minne katika karakana yetu ya ujenzi na maji, Mzee Mabruki Limbu wa Gongoni anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1975. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa heshima. Walioniomba wamesahau kwamba yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, watani wa tangu enzi za misafara, kwa hiyo heshima itapatikana kwa kiasi.

Alianza kwa kubeba mchanga, akaishia kuwa fundi pekee Tabora nzima anayetoboa jiwe nene bila kulipasua. Hayo ni maelezo yake mwenyewe. Hulilaza jiwe juu ya mchanga mbichi lisibaki na uwazi chini, hugonga tindo taratibu, huigeuza kidogo kila pigo, na tundu hulinywesha maji. Akifika katikati hulipindua jiwe na kuanza upande wa pili, matundu yakutane ndani, maana ukilitoboa moja kwa moja humeguka kule tundu linakotokea. Huku anagonga, husifu mlenda wa mkewe, Bi. Kuluthumu, mpaka sisi wengine kazi itushinde.

Hapa kwetu jiwe likipasuka, watani hulifanyia msiba. Tunalifunika gunia, tunalia, na aliyelipasua anatoa chai na maandazi ya matanga. Lakini anayelia kabla ya kifo, gharama inamhamia. Mzee alifiwa mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, akaapa hatafiwa tena.

Mwezi huu akaletewa jiwe lake la mwisho: mfuniko wa kisima cha kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya Igunga. Bomba la pampu lipite katikati, na wanakijiji wapate maji kabla ya Sabasaba. Jiwe la akiba halikuwepo. Msimamizi wetu, Bwana Hilari, alipita akitazama saa, na kila alipopita Mzee aliweka nyundo chini akanywa kahawa. Mimi gunia nilikuwa nalo tayari.

Akiwa upande wa pili, jiwe likabadili sauti. Mzee akatupa nyundo, akashika kichwa. Nikajua limekwenda. Nikajibwaga chini nikaangua kilio, nikamtaja marehemu kwa ukoo wake wote. Bwana Hilari akaketi juu ya ndoo.

Mzee aliniacha nilie hadi sauti ikakauka. Kisha akachukua nyundo ndogo, akagonga kidogo, matundu yakakutana, akatuita tuchungulie. Mwanga ulikuwa unapita, tundu safi, ufa hakuna. Chai nikatoa mimi, naye akala maandazi mpaka akalegeza mkanda.

Jiwe lipo kisimani sasa, na linalofuata limeshalazwa uani. Aliyeachiwa tindo ni mimi. Tulipomuuliza Mzee anataka zawadi gani, aliomba lile gunia, na nasikia amekwisha kulifua.

Ahsante kwa kazi, mtani wangu. Nitakukumbuka sana, na hilo si utani. Mungu akupe afya, ule mlenda kwa raha. Pita karakanani kila ukijisikia, ila gunia liache nyumbani.