Historia ya Mama Mizani, Daktari wa Matumbo ya Mbwa

Wafiwa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu, familia imeandika maneno haya ili tunayemsindikiza leo ajulikane kama alivyokuwa, bila kupambwa kupita kiasi, maana mwenyewe hakupenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mkunga, akasoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, sekondari ya bweni hadi 1980, na tarehe 22 Novemba 1986 akahitimu udaktari wa mifugo, darasani wasichana wakiwa wawili tu.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika kliniki ya wanyama mkabala na soko la mitumba, na huko, mwaka 1990, likamfika jambo ambalo hakuwaficha hata wanawe: mbwa wa mlinzi mmoja aliletwa akiharisha, yeye akampa vidonge vya kutuliza utumbo bila kumpima, mbwa akapata nafuu siku kumi kisha akafa, na alipopasuliwa ikaonekana saratani ambayo vidonge vile viliifunika. Tangu hapo hakumsalimu mwenye mbwa kabla ya kumpima mbwa uzito, ndipo watu wakamwita Mama Mizani, na mizani yenyewe ilipoharibika akaja fundi kuitengeneza, akaja tena ilhali haikuharibika, wakafunga ndoa tarehe 7 Septemba 1991, wakajaliwa binti mwaka 1993 na mwana mwaka 1996.

Tarehe 11 Mei 2009 mpokea simu wa hospitali, mtu asiyeona tangu utotoni, alimleta mbwa wake wa kumwongoza njia, aliyeharisha na kutapika miezi mitatu, akashuka kutoka kilo ishirini na tisa hadi ishirini na moja. Mkuu wa kliniki alisema wamchome sindano ya kumpumzisha milele Ijumaa ile, kwa kuwa alibaki ngozi na mifupa, lakini marehemu akaomba muda, akapewa wiki tatu, akaanza kuondoa shaka moja baada ya nyingine: kinyesi cha siku tatu mfululizo, dawa ya minyoo, damu, picha ya tumbo, kisha wiki mbili za nyama ya sungura na viazi tu, na bado uzito ukashuka.

Ikabaki kuingiza mrija wenye kamera na kunyofoa vipande vidogo vya utumbo vikapimwe, na hapo palikuwa na hatari, kwa sababu protini ya damu ilikuwa chini mno, na mbwa wa namna hiyo akilazwa kwa dawa ya usingizi huenda asiamke. Mpokea simu aliuliza, "Angekuwa wako, daktari, ungefanyaje?" naye akajibu, "Ningeogopa, halafu ningempeleka."

Walimlaza tarehe 1 Juni, na katika dakika ya kumi na mbili mbwa akaacha kupumua, marehemu akampulizia hewa kwa mfuko wa mpira, akihesabu kwa sauti, huku mpokea simu akiwa kwenye benchi la nje, ukuta mmoja tu kati yao, akizisikia namba asijue zinahesabu nini, mpaka zilipofika sitini na nne kifua kikapanda chenyewe.

Majibu yalichukua siku tisa, na katika siku hizo marehemu hakula chakula cha mchana, mpaka maabara ilipoandika kwamba utumbo umevimba kwa muda mrefu, ila si saratani, ndipo safari hii akatoa vidonge vile vya kutuliza utumbo kwa haki, pamoja na sindano za vitamini. Ugonjwa huo hauponi, hutunzwa, kwa hiyo kila asubuhi saa moja mpokea simu alipiga simu na kutoa alama, sifuri hadi tatu, za hamu ya kula, uchangamfu, kutapika, ulaini wa choo, idadi ya choo na uzito uliopungua, na kwa kuwa haoni, choo alikipima kwa mkono ndani ya mfuko wa nailoni, akisema, "Leo ni udongo wa mfinyanzi, daktari, si uji tena." Alama zilianza kumi na nne, zikashuka hadi tatu, Agosti zikaruka ghafla hadi kumi na moja, ikagundulika kuwa mama mkwe wa mpokea simu alikuwa akimwonea mbwa huruma kwa matonge chini ya meza, akakatazwa kwa adabu, zikashuka tena, na mbwa yule akaongoza njia miaka sita zaidi.

Marehemu aliugua kongosho, akaambiwa ni saratani tarehe 9 Juni 2023, na kila asubuhi alijipima na kumtajia mumewe namba isiyo ya kweli, na mume, anayejua mizani kuliko sisi sote, aliipokea bila kubisha, hadi alipofariki tarehe 18 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli alipouuliza, majirani walioteka maji na kufua mashuka bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliogawana zamu zake miezi minane wasimwondoe jina kwenye ratiba.

Lala, mama yetu, umechoka kwa haki, na amani ikae nawe.