Ngoma Niliyoipiga Ukumbini

Sogeeni karibu, msinifanye nipaze sauti, maana sauti yenyewe imebaki kidogo na nataka inifikishe mwisho wa maneno yangu. Sila, toa hicho kiti mlangoni upepo uingie. Hilda mwanangu, acha kulia, siku ya kulia bado haijafika, na ikifika utalia mpaka uchoke. Na wewe Anyesi mjukuu wangu, weka daftari chini. Najua shule wamekufundisha kuandika kila kitu, lakini mimi bibi yako sikusoma, nikikuona unaandika sijui kama unanisikia au unaniandika tu. Walioniandika nimeshawaona. Wewe niangalie usoni.

Ya mali ni machache, tuyamalize kwanza. Shamba la zabibu la Hombolo mgawane wawili, mpaka ni ule mfereji, na upande wa juu wenye mizabibu iliyokomaa uwe wa Hilda, kwa sababu ndiye aliyeshinda nao juani akipalilia, na wewe Sila ulikuwa unakuja siku ya kuvuna umevaa viatu. Usinune, baba, unajua ni kweli. Mbuzi wote ni wako Sila, isipokuwa yule mweupe mwenye pembe moja, yule ni wa Anyesi, nilimwahidi alipopata surua. Nyumba hii ya hapa Zuzu abaki nayo Hilda na mwanawe, na wewe Sila ukija ukute kitanda, asikwambie mtu kwamba umepanga. Basi, ya mali yamekwisha. Mnaona yalivyo mepesi? Hayakuninyima usingizi hata siku moja. Lililonikaa hapa kifuani, likawa linakaa hapa miaka yote hii, ni lile lililoning'inia nyuma ya mlango.

Niletee hiyo ngoma, Sila. Iweke hapa kitandani, pembeni yangu. Polepole, ngozi yake kavu.

Mnaijua ngoma hii, mmezaliwa mkaikuta, lakini habari yake hamuijui yote. Ni muheme, ngoma ya wanawake, unaibana katikati ya mapaja umesimama, mikono miwili inafanya kazi na mgongo unafanya kazi na hata shingo inafanya kazi. Alikuwa nayo mama yangu. Na mimi sikupewa nyumbani kama mtu anavyopewa sufuria. Kundi letu lilikuwa na desturi yake. Mwenzetu akifa, tunangoja mavuno ya uwele yaishe, halafu tunakwenda mjini, kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya reli, tunailaza ngoma yake chini pale pale alipokuwa anasimama, na sisi tunapiga. Kila ngoma ina mahali pake pa kusema. Ikifika zamu ya marehemu, hatupigi. Mikono juu, kimya, unasikia upepo tu na njuga za miguuni zikitulia. Hilo tunaliita pengo. Tunazunguka hivyo mara tatu, na mara tatu pengo linakaa wazi, na mara ya nne mrithi anatoka katikati ya watu, anaiinua ngoma, anaingia mle kwenye pengo na kupiga. Hapo wote tunapiga vigelegele na kulia pamoja, maana aliyekwenda amekwenda, na mtoto amesimama mahali pake. Bila hivyo ngoma haijarithiwa, imehamishwa tu.

Na ilikuwa lazima pale uwanjani, kwa sababu pale kila mtu alijua mama yake alisimama wapi. Mama yangu alisimama usawa wa dirisha la nyumba ya akina Mwanaharusi.

Mwanaharusi mnamkumbuka. Sila, ulikula sana visheti vyake. Wazee wake walikuja na misafara ya zamani, wakauza chumvi na nguo, wakabaki pale pale mjini. Muislamu, vipindi vyake vitano havimpiti, lakini tangu tukiwa wasichana ndiye aliyekuwa anatupashia ngoma moto kwenye jiko lake ngozi zikaze, na anatupa maji, na kila wimbo wetu aliujua kwa kusikiliza dirishani. Mwaka mmoja mwenzetu aliugua, nikamgongea dirisha nikamwambia, "Toka huko, wewe, unatuibia bure kila mwaka, leo njoo ulipe." Akatoka amejifunga kanga mbili, akaibana ngoma, akapiga mpaka wanawake wa Hombolo, wapinzani wetu, wakauliza huyu Mgogo wa wapi. Tangu hapo alisimama kushoto kwangu miaka ishirini na zaidi. Ngoma yangu inauliza, yake inajibu. Hivyo. Mimi nauliza, yeye anajibu.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa, maduka yakajaa vitu, mitumba, redio, mabati, na kila mwenye uwezo akawa anatafuta kiwanja. Wakaja watu wa mipango, wakasema mtaa ule wa zamani utajengwa upya, utawekwa mitaro na taa na maduka, lakini kabla hawajachora wanataka kuwasikia wananchi, hasa habari za sanaa na utamaduni, kipi kibaki na kipi kiondoke. Wakaita mikutano. Wa kwanza wakasema wazee wanaume, wakagombania jina la barabara mpaka jua likazama. Wa pili wakasema vijana, wakataka uwanja wa mpira. Wa tatu tukaitwa sisi wa ngoma.

Siku moja kabla, Mwanaharusi alikuja hapa Zuzu kwa miguu. Alikaa pale, hapo alipokaa Hilda. Nilimpikia ugali wa uwele na mlenda, akala, akanawa, akaniambia, "Ruthu, kesho sema neno moja tu. Sema ngoma yetu haihami. Sema hivyo, halafu ukae. Nyumba yangu haina karatasi, shoga. Uwanja ukibaki na mimi nitabaki, uwanja ukiondoka na mimi nimeondoka. Mimi wakinisikia watasema natetea nyumba. Wewe watakusikiliza." Nikamjibu, "Hilo tu? Nilidhani umekuja kukopa mbegu." Tukacheka. Nilimsindikiza mpaka relini, akawa anageuka kila mara kuninyooshea kidole, neno moja, Ruthu, neno moja.

Nipe maji, Hilda. Kidogo. Basi.

Kesho yake tukaenda ukumbini kwenye mkutano. Chini saruji, juu bati, na meza ina kitambaa. Aliyekuwa anaongoza aliitwa Bwana Charles, kijana mpole, sina ugomvi naye mpaka leo. Akainuka akaniamkia, "Shikamoo, bibi." Marahaba. "Tumesikia wewe ndiye mkuu wa ngoma. Hebu tuambie, bibi, ngoma hii inaweza kupigwa mahali pengine, au ni pale tu?"

Na nyuma kule walikuwepo wale wanawake wa Hombolo, tuliokuwa tunashindana nao kila mavuno. Mmoja akapaza sauti, "Ataweza wapi huyo! Mtoeni pale kwake muone, magoti yanagongana!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wanangu, sisi wapiga ngoma, ukiulizwa mbele za watu kama unaweza, hujibu umekaa. Unasimama unajigamba, halafu unapiga. Ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu aliulizwa hivyo nikiwa tumboni, miezi minane, akapiga. Mimi nikasikia ninaulizwa na Hombolo, sikusikia ninaulizwa na mtu wa mipango. Nikasimama. Nikasema, "Nani, mimi? Mimi Ruthu naipiga popote! Naipiga juu ya jiwe, naipiga juu ya saruji, nipelekeni Dar es Salaam naipiga!" Nikaibana ngoma. Wenzangu wakainuka. Tukapiga, mama yangu, tulipiga siku ile, hata wale wa Hombolo wakaanza kutikisa mabega wenyewe.

Ngoma yangu ikauliza. Ya Mwanaharusi haikujibu. Nikatupa jicho kushoto, nikamwona amekaa kwenye kiti, ngoma yake miguuni, mikono mapajani. Nikadhani amechoka na mwendo wa jana. Nikauliza tena, kimya. Watu wanatazama, Hombolo wanatazama, nikaona aibu. Nikapiga na sehemu yake. Nikauliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe. Mtu yuko hai, amekaa pembeni yangu, nikamzibia pengo lake.

Bwana Charles alipiga makofi mpaka akasimama. Akasema, "Bibi ametufundisha leo. Utamaduni hauko kwenye udongo, uko mikononi mwake. Tutawajengea ukumbi wa ngoma." Akaandika. Na mimi nikacheka, nimefurahi, jasho linanitoka, sijajua bado nimefanya nini.

Nje, Mwanaharusi alinishika mkono. Hakunipigia kelele. Alisema, "Umepiga vizuri sana, shoga. Umepiga mpaka nyumba yangu imeanguka." Akaiinua ngoma yake kichwani, akaenda.

Ule ukumbi wa ngoma mimi mpaka leo sijauona. Uwanja uligawiwa viwanja, na nyumba zisizo na karatasi zikavunjwa, na Mwanaharusi akahamia Nzuguni, chumba kimoja na mwanawe Salha. Na mimi sikupoteza kitu. Nyumba yangu ilikuwa huku Zuzu. Ndilo lililonifunga miguu. Ningekuja na ngozi nzima kumwambia nini mtu aliyechunwa? Nikasema nitakwenda mavuno yakiisha. Yakaisha. Nikasema mwakani. Mavuno matatu, wanangu. Nzuguni si mbali.

Halafu Salha akatuma mtu. Nilipofika walikuwa wameshazika asubuhi, wenzetu Waislamu hawachelewi. Nikakaa mkekani. Salha akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, nikamwambia, mwanangu, nisamehe. Akasema, "Mama aliniambia, Ruthu akija mpe maji, usimuulize kitu." Nikanywa. Akanionyesha ngoma, ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kanga. Tangu ukumbini hakuipiga tena hata kidogo.

Nikapitia mjini, kwenye uwanja. Pale sasa ndiyo ile gesti ya Sostenes, na pale penye dirisha wanaegesha magari. Nikasimama. Mfanyakazi akatoka na ufagio, "Bibi, unatafuta chumba?" Nikamwambia natafuta mahali alipokuwa anasimama mama yangu. Akacheka, "Bibi, umekunywa nini asubuhi hii?" Nikashika njia. Si ni mimi niliyesema popote?

Sila. Najua umeongea na Sostenes. Najua anataka ngoma hii aitundike ukutani pale mapokezi, wageni waione. Usiniambie amekupa ahadi gani. Sikukaripii, una watoto. Lakini hiyo ngoma si yako wala si yangu, na hawezi kuitundika mahali pale pale iliponyang'anywa pa kulala. Kesho mrudishie neno lake, kwa heshima, msigombane.

Hilda. Mchungaji wenu wa sasa amekwambia ngoma hizi ni za shetani, nawe tangu umeokoka huzishiki. Mimi pia nilibatizwa, mama, na Mungu ninayemjua alinisikia nikipiga miaka yote hiyo hakunipofusha. Sikulazimishi kuipiga. Nakuomba unibebee tu, na ukae.

Sasa sikilizeni, maana pumzi... ngojeni.

Mavuno ya uwele yakiisha, ichukueni mwende nayo Nzuguni kwa Salha. Mwamkieni kwanza. Mwambieni, mama yetu ametutuma kuomba. Akikataa, mshukuruni mrudi, msimjibu hata neno moja. Akikubali, zilazeni ngoma mbili pale uani kwake, ngoma yangu kulia na ya Mwanaharusi kushoto, kwa sababu na yeye hajapigiwa pengo lake, alizikwa bila pengo, na mimi ndiye niliyeliziba siku ile ukumbini. Waiteni wenzangu, wamebaki wanne, Hilda unawajua nyumba zao. Wapige. Na ikifika zamu yangu wanyamaze, na ikifika zamu yake wanyamaze. Zamu zetu zimefuatana, yangu na yake, kwa hiyo kitakuwa kimya kirefu, kirefu sana, majirani watadhani mmesahau wimbo, watoto watacheka. Msijaze. Mnanisikia? Hata mkiona aibu, msijaze. Mimi nilijaza mara moja.

Mara ya nne, Anyesi, inuka wewe. Nimekusikia unavyopiga ndoo ukidhani nimelala. Ingia mahali pangu, uulize. Salha akitaka, atajibu. Asipotaka, usimjibie. Uliza, halafu ngoja, halafu endelea, na mwakani uulize tena. Ipo siku mtu wa nyumba ile atatoka.

Leteni vichwa vyenu. Karibu zaidi, mate ya baraka yenyewe hayatoki... Haya. Mkae. Mzae. Mkikosana mfuatane siku hiyo hiyo, msingoje mavuno. Mungu awe kwenye mlango mnaotokea na mlango mnaoingilia. Sila, wewe mkubwa... wewe mkubwa uwe mpole.

Anyesi, nipe mkono wako. Uweke hapa kwenye ngozi. Si kwa nguvu. Hivi... moja, mbili, halafu kiganja chote... hivi. Ndiyo kuuliza. Umeona? Na hapa... hapa sasa unainua mikono. Ni pake hapa. Mwache.

Mwache kwanza, mjukuu wangu... usijaze...