Mstari Mmoja wa Maharage

Benchi liko mbele ya meza ya Soli, fundi viatu, na birika la kahawa hukaa katikati yake kama mgeni rasmi. Asubuhi hiyo Soli hakuwa na raha. Alikuwa ameweka mche wa maharage kati ya nyundo na gundi: majani ya njano, mizizi myeusi, imeoza. Ulitoka shambani kwa mkewe. Huu ulikuwa msimu wa pili shamba linawafia, na watoto wanne walilitegemea kwa chakula.

— Hiyo mbolea, alisema Gia, dereva mstaafu.

— Mbolea gani? Hatujatia hata kijiko.

— Ndiyo hiyo sasa! Udongo umenuna.

Redio, kinyozi wa jirani, akacheka.

— Ni mnara wa simu huo. Mawimbi yanashuka chini, mizizi inapigwa shoti.

— Mbona magugu hayapigwi? akauliza Soli.

— Magugu yamezoea.

— Kuna kiumbe huko chini, Gia akanong'ona. Kina akili. Kinasubiri shemeji aondoke, ndipo kitafune.

— Basi apande akitembea kinyumenyume, kisijue kama anakuja au anaondoka, alisema Redio.

Soli alicheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Mkono wake ulikuwa ukibonyeza ngozi ya viatu vilivyombana mteja. Alikuwa amevijaza maharage makavu, akatia maji, akavifunga kamba. Maharage yakivimba, ngozi hutanuka. Ujuzi huo aliachiwa na fundi aliyemfundisha.

Mara mkewe akafika, matope mpaka magotini, uso umechangamka.

— Shemeji, karibu kahawa, alisema Gia.

— Asanteni, sikai. Baba watoto, bwana shamba amekuja leo kukagua mizizi. Ule mstari mmoja uliozaa, zile mbegu nyeusi ndogo alizonipa konzi moja, mizizi yake ni mizima kabisa! Anasema mbegu ile inahimili ugonjwa wa udongoni. Nilivuna kopo moja tu, nikanyamaza mpaka nipate hakika. Sasa mvua imeanza, nataka kupanda.

— Vizuri sana, alisema Soli.

— Niliziweka kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Nimelikuta tupu. Nani kalichukua?

Redio akavitazama viatu vilivyofungwa kamba. Gia akakohoa. Soli akaviweka viatu mezani. Alimwonea huruma mke wake, akajichukia.

— Nilidhani ni za kupika, mama watoto. Nisamehe.

Akafungua kamba. Maharage yalikuwa yamevimba, meusi, yanang'aa. Mkewe alichukua moja, akaligeuza kiganjani. Soli alingoja matusi, na aliona yanamstahili.

— Uliziloweka lini?

— Juzi jioni.

— Hebu tazama.

Kikia cheupe cha mzizi kilikuwa kimechomoza. Na kwenye la pili. Na la tatu.

— Zimeota, alisema mkewe. Zikilala humu mpaka kesho, zitaoza nazo. Beba viatu vyote viwili, usizimimine, utazivunja.

Gia akaweka chini kikombe kilichojaa.

— Majembe yapo mangapi, shemeji?

— Mawili.

— Na mnara je? akauliza Redio.

— Wewe utafukia mbegu, akajibu mke wa Soli.

Mwenye viatu alipofika saa sita, benchi lilikuwa tupu na kahawa imepoa. Naye Soli alikuwa shambani, amepiga magoti, kiatu mkononi, akitoa mbegu mojamoja.