Mama Yetu, Mkasi wa Ofisi ya Bajeti

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mkasi, naye alijua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya mkurugenzi mmoja wa serikali, ambako bibi yetu alikuwa mpishi, na mpaka anaanza shule mwaka 1968 alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile kwa mlango wa mbele. Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea uhasibu, na tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa wizarani, ofisi ya bajeti, ghorofa ya tano, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwa mkuu wa ofisi hiyo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa lifti wa jengo hilohilo, ambaye hadi leo hutamba kwamba alimtoa mama kwenye lifti iliyokwama, naye badala ya kusema asante akauliza kipuri kimenunuliwa bei gani. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1989 na mimi, kitindamimba, mwaka 1996.

Mwaka 2014 mama aliandika waraka wa kuacha kuwalipia wakubwa, walio kazini na waliostaafu, matibabu ya hospitali binafsi, akieleza kwamba serikali haitaweza kuubeba mzigo ule miaka yote huku zahanati zikikosa dawa. Waraka ulipita, ingawa waliacha upenyo wa maombi maalumu ambao yeye aliupinga, na wapo walioacha kuitikia salamu yake.

Januari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa hospitali ya serikali, wodi ya kawaida, kitanda namba 17, ambako mashine za kusafisha damu zilikuwa mbili, wagonjwa arobaini na mmoja, na zamu yake ikawa mara moja kwa wiki badala ya tatu. Nilijaza mwenyewe fomu ya maombi maalumu ili ahamishiwe hospitali binafsi, nikampelekea tarehe 2 Julai, ikabaki sahihi yake tu. Aliomba kalamu, nikashusha pumzi, kumbe ameona nimekosea tarehe yake ya kuajiriwa, akaisahihisha, akanirudishia fomu bila kusaini, akamtazama mfagiaji wa barabara aliyelala kitanda namba 18, akaniuliza fomu ya yule iko wapi. Niseme kweli mbele yenu, nilimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha yote.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, saa kumi na moja jioni, siku mbili kabla ya zamu yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao hawakuwa na vifaa lakini hawakukosa moyo, majirani waliotuletea viti na maji, wafanyakazi wenzake, hata mliokuwa mmenuna, maana mmekuja, na yule mama mfagiaji wa kitanda namba 18, aliyeomba ruhusa wodini asubuhi ya leo, na ambaye ameketi hapa mbele pamoja na familia.

Mama, tarehe zote nimezikagua mara tatu, hutahitaji kalamu. Pumzika kwa amani.